Uzito Unaohama: Ndege ya Kaboni na Abiria wa Songea

Ndege ya Air Tanzania inayotua Songea ni ya mapangaboi. Ni Dash 8-Q400 yenye viti 76, ambayo Watanzania wengi huiita Bombardier tu, na kiwiliwili chake ni cha alumini kama ndege nyingi za karne iliyopita. Mapanga yake, sita kwa kila injini, ni habari nyingine. Yalitengenezwa na kampuni ya Dowty ya Uingereza kwa nyuzi za kaboni zilizogandishwa ndani ya utomvu wa kiwandani, mada ambayo mafundi huiita kompositi. Mada hiyo hiyo ndiyo inayochukua nusu ya uzito wa Boeing 787 Dreamliner, ndege kubwa ya shirika hilo hilo, ambayo haiwezi kuja Songea na abiria wake wote kwa sababu njia ya kuruka na kutua ya hapa haifiki kilomita 2.

Kwa hiyo mfanyabiashara wa Songea anayefuata mzigo Guangzhou, au mgonjwa wa Mbinga anayepelekwa Mumbai kwa matibabu, hubebwa na kaboni mara mbili katika safari moja. Kwanza kaboni inazunguka mbele ya injini kutoka Songea hadi Dar es Salaam. Kisha anakaa ndani yake.

Mjadala wetu wa ndege umekuwa na kambi mbili. Kambi moja inaonyesha picha za mapokezi, maji yakimwagwa juu ya ndege mpya na viongozi wakipunga mkono. Nyingine inasoma ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali na kuhesabu hasara. Zote zina sehemu ya kweli, lakini hakuna inayouliza ndege hizi mpya ni kitu gani hasa, zimempunguzia nani mzigo na zimemwongezea nani. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kilo zilizoondolewa kwenye ndege ya kaboni hazikupotea. Zilihama. Zilishuka kutoka angani zikahamia ardhini, kwenye tanuri za viwandani, kwenye vipimo vya karakana, kwenye vyeti vya mafundi na kwenye bajeti ya vipuri. Nchi inayonunua ndege hiyo inaununua pia uzito huo, hata kama haukuandikwa kwenye mkataba.

Tuanze na mada yenyewe. Uzi wa kaboni ni mwembamba kuliko unywele, na ukivutwa kwa urefu wake una nguvu inayozidi chuma cha uzito uleule. Ukisukumwa kwa ubavu hauna maana. Ndiyo maana nyuzi hupangwa tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likielekea upande wake, halafu utomvu huzishika zote pamoja. Aliyekulia hapa mkoani Ruvuma anaujua ujenzi wa namna hii kwa sababu ameona kihenge: mianzi inasukwa kwa mduara, inakandikwa udongo au samadi, na chombo kizima kinakuwa kitu kimoja kisicho na kona wala maungio, kinachobeba gunia kwa gunia la mahindi bila kupasuka. Mianzi ndiyo inayobeba, na udongo ndio unaoizuia isiachane. Pipa la kiwiliwili cha Dreamliner linajengwa kwa wazo lilelile. Mashine inazungusha utepe wa nyuzi uliokwisha kulowekwa utomvu juu ya kalibu kubwa, kisha pipa zima linaingizwa kwenye tanuri lenye shinikizo na kuivishwa kwa joto la karibu nyuzi 180 za Selsiasi. Boeing ilieleza kuwa pipa moja la namna hiyo huondoa karatasi 1,500 za alumini na vifungio kati ya 40,000 na 50,000.

Hapa niondoe dhana moja inayosikika mara nyingi. Madini ya kinywe ya Mahenge na Ruangwa ni kaboni kweli, lakini siyo yanayosokotwa kuwa nyuzi za ndege. Nyuzi hizo hutokana na plastiki maalumu inayochomwa pasipo hewa mpaka ibaki kaboni tupu. Kwa Dreamliner, msambazaji mkuu wa nyuzi hizo ni kampuni ya Toray ya Japani. Kinywe chetu kina soko lake kubwa kwenye betri, na hilo linastahili mjadala wake.

Jambo ambalo historia yetu wenyewe inalionyesha, na ambalo sijaona likisemwa vya kutosha, ni kwamba anga la Afrika Mashariki halikuanza na metali. East African Airways ilipoanza kazi Januari 1946, kundi lake la kwanza lilikuwa ndege 6 za de Havilland DH.89. Hizo zilikuwa ndege za mbao zilizovikwa kitambaa, na mbao ni nyuzi za mti zilizoshikwa na gundi ya mti mwenyewe. Alumini ilikuja baadaye na ikatawala kwa miongo mingi, nayo ilikuwa na ada yake ya shule: mwaka 1954 jeti mbili za Comet zilisambaratika angani karibu na Italia kwa sababu metali ilichoka kwa kupanuka na kusinyaa kila safari. Miaka 6 baadaye East African Airways ilipokea Comet 4, aina iliyosanifiwa upya baada ya somo hilo. Abiria wa Nairobi na Dar es Salaam walifaidi elimu iliyolipiwa na watu waliokufa mbali na hapa. Kila mada mpya ya kujengea ndege imekuja na gharama ya namna hiyo, na swali la kuuliza kuhusu kaboni ni gharama hiyo ililipwa wapi na nani.

Boeing iliizindua rasmi Dreamliner Aprili 2004, wakati huo ikiitwa 7E7, shirika la ANA la Japani lilipoagiza ndege 50. Hesabu ya kibiashara ilikuwa hii: badala ya kukusanya abiria wote kwenye viwanja vichache vikubwa kwa ndege za ghorofa mbili, ijengwe ndege ya ukubwa wa wastani inayokwenda mbali sana kwa mafuta machache, ili mji wa daraja la pili uunganishwe moja kwa moja na mji mwingine wa daraja la pili. Ahadi ilikuwa kupunguza mafuta kwa karibu asilimia 20 ikilinganishwa na ndege iliyokuwa inachukua nafasi yake. Kwa shirika kama la kwetu, lenye abiria wa kutosha kujaza viti 262 lakini si viti 400, hesabu hiyo ina maana. Ndege ya namna hii ilisanifiwa kwa njia kama ya Dar es Salaam hadi Guangzhou.

Lakini tuseme ukweli kuhusu asilimia 20 hizo. Sehemu kubwa kuliko nyingine zote ililetwa na injini mpya, siyo na kaboni. Zilizobaki ziligawanywa kati ya umbo la mabawa, mifumo ya umeme iliyochukua kazi za hewa ya injini, na wepesi wa mada. Tena ndege za mwanzo zilitoka kiwandani zikiwa nzito kuliko ilivyopangwa. Faida ya kaboni ambayo abiria anaihisi mwilini iko kwingine. Kwa kuwa kiwiliwili hakiliwi na kutu na hakichoki haraka kwa shinikizo, hewa ya ndani inaweza kuwekwa kama ya mwinuko wa mita 1,800, ilhali ndege za kawaida huweka kama mita 2,400. Baada ya saa 9 angani mgonjwa, mjamzito au mzee anaijua vizuri tofauti hiyo. Unyevu pia unaweza kuongezwa. Madirisha ni makubwa zaidi, kwa sababu tundu katika kaboni linaweza kuzungushiwa tabaka za kuliimarisha bila kuongeza ribiti na mabati.

Usanifu ulikwenda sambamba na uamuzi mwingine ambao, kwa maoni yangu, ulikuwa wa hatari kuliko kaboni yenyewe. Boeing iliamua kuwakabidhi washirika wa nchi nyingi si kazi ya kutengeneza vipande tu, bali hata ya kusanifu vipande hivyo. Mabawa yalitengenezwa na Mitsubishi, Nagoya. Sehemu za kiwiliwili zilitoka kwa Kawasaki, kwa Alenia ya Italia na kwa Vought ya South Carolina, na pua kwa Spirit ya Wichita. Ndege za Boeing 747 zilizobadilishwa umbo ziliruka dunia nzima kuvikusanya vipande hivyo Everett, jimbo la Washington, ambako vilitakiwa kuungana kwa siku chache.

Havikuungana. Tarehe 8 Julai 2007 ndege ya kwanza ilionyeshwa mbele ya umma, ikiwa imepakwa rangi na kung'aa, huku ndani ikiwa karibu tupu, imeshikwa na vifungio vya muda kwa sababu vifungio halisi vya anga vilikuwa havipatikani kwa idadi iliyotakiwa. Ilitarajiwa kuruka miezi michache baadaye. Ikachukua karibu miaka 2 na nusu.

Kwa mtu anayetaka kuielewa kaboni, tukio la maana katika miaka hiyo ni la mwaka 2009. Mabawa ya ndege ya majaribio, ile isiyoruka kamwe, yalipokuwa yakivutwa juu kupima nguvu, mafundi waliona tabaka za kaboni zikianza kuachana pale bawa linapoungana na kiwiliwili. Hesabu za kompyuta hazikuwa zimelionyesha hilo. Alumini ikizidiwa hupinda kwanza, na kupinda kwake ni taarifa. Kaboni hukaa kimya mpaka tabaka ziachane. Juni mwaka huo Boeing iliahirisha tena safari ya kwanza, ikafungua ndege zilizokwisha kujengwa, na kuongeza vipande vya titani kwenye maungio. Mhandisi aliyesimamisha ratiba yenye mabilioni ya dola kwa sababu ya nyufa ambazo jicho la kawaida lisingeziona alifanya kazi ambayo abiria wa leo hawezi kumshukuru kwa jina, na nadhani sehemu hii ya hadithi inastahili heshima kuliko siku ya kuruka yenyewe.

Siku hiyo ilifika tarehe 15 Desemba 2009. Hali ya hewa ya Everett ilikuwa ya mawingu na mvua. Saa 4:27 asubuhi za kwao, mbele ya wafanyakazi na wageni zaidi ya 12,000, marubani Mike Carriker na Randy Neville waliiondoa ardhini. Wengi waliotazama walisimulia jambo lilelile: mabawa yalijikunja kuelekea juu kwa upinde laini hata kabla magurudumu hayajaacha lami. Ndege iliruka taratibu na si juu sana, kwa kuwa safari ya kwanza ni ya kusikiliza, vipimo vikituma habari ardhini na ndege ndogo zikiifuata kwa karibu. Mpango ulikuwa wa saa 5 na nusu hivi, lakini hali ya hewa ikaikatisha baada ya kama saa 3, ikatua Boeing Field, Seattle. Machi 2010 yakafuata majaribio ya mwisho ya nguvu, mabawa yakavutwa juu karibu mita 7 na nusu chini ya mzigo wa asilimia 150 ya ule mkubwa kabisa unaotarajiwa maishani mwa ndege. Yakastahimili. Vibali vya Marekani na Ulaya vilitoka Agosti 2011, na tarehe 26 Oktoba mwaka huo abiria wa kwanza waliolipa nauli walisafiri nayo kutoka Tokyo hadi Hong Kong.

Kilichofuata kilionyesha kwamba hofu ya watu ilielekezwa mahali pasipo. Wengi waliogopa kaboni. Kilichoisimamisha ndege dunia nzima Januari 2013 kilikuwa betri za lithiamu, moja iliyoshika moto Boston na nyingine iliyotoa moshi na kulazimisha ndege ya ANA kutua Takamatsu. Ndege zilikaa chini zaidi ya miezi 3. Julai mwaka huohuo Dreamliner ya Ethiopian Airlines iliyokuwa imeegeshwa Heathrow iliungua upande wa juu wa nyuma, tena kwa betri, safari hii ya kifaa cha kutuma ishara ya dharura. Hapo kaboni yenyewe ikatiwa kwenye mtihani: je, pipa lisilo na maungio likiungua linaweza kutengenezwa? Jibu lilikuwa ndiyo. Boeing ilituma mafundi wake, wakakata sehemu iliyoharibika na kuijenga upya, na ndege ikarudi kazini Desemba. Tuangalie vizuri lakini: hata Ethiopian, yenye karakana na chuo cha anga vinavyoheshimika barani kote, ilihitaji mikono ya mtengenezaji.

Kuhusu moto, ushahidi mkubwa zaidi ulikuja tarehe 2 Januari 2024 huko Haneda, Tokyo, Airbus A350 ya Japan Airlines, ambayo zaidi ya nusu yake ni kompositi, ilipogongana na ndege ya walinzi wa pwani. Watu wote 379 wa A350 walitoka hai kabla haijateketea yote. Watano kati ya sita wa ndege ndogo walifariki. Na ajali ya Air India ya tarehe 12 Juni 2025, Ahmedabad, ambayo ilikuwa ya kwanza kuua watu katika Dreamliner, haijahusishwa na kaboni: ripoti ya awali ilieleza kuwa swichi za mafuta za injini zote mbili zilihama hadi kwenye kuzima sekunde chache baada ya kuruka.

Udhaifu uliodhihirika wa kaboni ni wa kiwandani na wa karakana. Kati ya mwisho wa 2020 na Agosti 2022 Boeing iliacha kukabidhi Dreamliner mpya kwa vipindi virefu kwa sababu mapengo kati ya mapipa yalizidi kipimo, na kipimo chenyewe ni kama sehemu 13 za mia za milimita, unene wa unywele hivi. Alumini ingejivuta kidogo na kulizoea pengo. Kaboni haijivuti. Tatizo lingine ni pigo lisiloonekana. Gari la mizigo likigonga ndege ya alumini, bonde linabaki na kila mtu analiona. Likiigonga ndege ya kaboni, ngozi inaweza kurudi ilivyokuwa huku tabaka za ndani zimeachana, na bila kifaa cha mawimbi ya sauti na mtu aliyefunzwa kusoma kioo chake, ndege itaruka na jeraha. Radi nayo ina hesabu yake: kaboni haipitishi umeme vizuri kama alumini, hivyo chini ya rangi huwekwa wavu mwembamba wa metali wa kuusambaza. Mvua za masika zinapokaa juu ya nyanda za kusini na radi zikaanza, wavu huo unafanya kazi, na ukitoboka lazima aliye ardhini ajue kuukagua na kuuziba.

Hapo ndipo uzito ninaousema unapotua, na ulitua kwetu miaka 11 kamili, siku kwa siku, baada ya ndege ya kwanza kuonyeshwa Everett. Tarehe 8 Julai 2018 Rais John Magufuli alipokea Dreamliner ya kwanza ya Tanzania uwanja wa Julius Nyerere. Ya pili ilikuja Oktoba 2019, ya tatu Agosti 2024. Kati ya hizo zikaja Airbus A220-300, kuanzia Desemba 2018, na Tanzania ikawa nchi ya kwanza Afrika kuzirusha. A220 ni mfano mzuri wa usanifu wenye kiasi. Ilianzia Canada ikiitwa CSeries, ndugu yake mdogo akiruka mara ya kwanza Septemba 2013 huko Mirabel. Kiwiliwili kiliachwa kuwa cha alumini yenye lithiamu, ambayo fundi anaweza kuitengeneza kwa ujuzi alionao, na kaboni ikapelekwa kwenye mabawa, yanayotengenezwa Belfast, pale inapolipa zaidi. Kwa nchi inayojenga karakana zake polepole, naona uamuzi wa wasanifu wa A220 ulitufaa kuliko ule wa Dreamliner.

Hata hivyo A220 ndizo zilizokaa chini. Novemba 2022 Air Tanzania ilitangaza kupunguza safari kwa sababu injini za ndege hizo, za Pratt & Whitney, zilikuwa na kasoro iliyokumba mashirika duniani kote na vipuri havikuwapo. Kwa jirani, mwaka 2025 Kenya Airways ilieleza kuwa Dreamliner zake 3 kati ya 9 zilisimama kwa sababu ya injini na uhaba wa vipuri, na mapato yakaanguka. Mabawa ya kaboni yasiyoshika kutu yalikaa juani yakisubiri injini za metali. Mkaguzi Mkuu aliripoti kwamba hasara ya Air Tanzania ilikuwa shilingi bilioni 56.64 mwaka wa fedha 2022/23, na bilioni 91.8 mwaka uliofuata. Katika miaka hiyo kila ndege iliyosimama iliendelea kudaiwa kodi, bima na mishahara, kwa sababu shirika lilizikodi kutoka Wakala wa Ndege za Serikali.

Halafu kuna uzito wa usimamizi. Desemba 2024 Umoja wa Ulaya uliizuia Air Tanzania kuingia anga lake, na Juni 2025 ukapanua zuio kwa mashirika yote yenye leseni ya Tanzania, ukitaja kasoro katika usimamizi wa usalama. Zuio hili linaniuma kuliko hasara. Ndege ni ileile iliyoruka Everett, imepita majaribio yaleyale, lakini cheti cha ubora wa ndege hufa kikikosa watu wa kukihuisha: wakaguzi wa kutosha wenye ujuzi wa aina husika ya ndege, kumbukumbu za matengenezo zisizo na pengo, na mamlaka isiyoogopa kumwambia mwenye ndege kwamba leo hairuki. Nchi inaweza kulipa fedha taslimu ikapata ndege bora duniani. Mkaguzi hapatikani kwa njia hiyo, maana huchukua miaka mingi kumlea, na akishaiva hushawishiwa na mishahara ya Ghuba.

Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Mabibo, kimeanza kufundisha wahandisi wa matengenezo ya ndege, na mradi wa Benki ya Dunia umekifanya kituo cha umahiri wa anga cha kanda. Hiyo ndiyo habari ya ndege ninayotamani iwe na sherehe kubwa kuliko maji ya mapokezi. Fundi anayejua kusoma mawimbi ya sauti ndani ya bawa la kaboni anaweza kufanya kazi hiyohiyo kwenye panga la Q400 lililogongwa na jiwe Songea. Mtu huyo ndiye kiungo pekee kati ya Dreamliner ya Guangzhou na abiria wa Ruvuma, na gharama ya kumfunza haikaribii hata kwa mbali bei ya injini moja.

Sasa Songea wenyewe wanapata nini? Barabara ya Songea hadi Dar es Salaam kupitia Njombe, Makambako na Iringa ni zaidi ya kilomita 900, na kwa basi ni kazi ya siku nzima. Q400 inaimaliza kwa saa moja na nusu hivi. Kwa ofisa wa halmashauri, mnunuzi wa kahawa ya Mbinga au mfanyabiashara wa korosho za Tunduru, hilo lina thamani inayoonekana. Kwa mkulima wa kahawa au mahindi anayelipa kodi iliyonunua ndege, thamani haionekani bado, na ni haki yake kuuliza. Kahawa yake inakwenda kwa lori na meli, mahindi yake yanakwenda kwa lori. Faida yake itapita katika mambo mawili tu: idadi ya safari kwa wiki na bei ya tiketi. Yote mawili yanategemea Q400 kutokaa chini kusubiri kipuri.

Baadhi ya watu wanataka njia ya kuruka na kutua ya Songea irefushwe ili jeti itue. Naelewa hamu hiyo, ila hesabu inasema tusikimbilie. A220-300 iliyojaa huhitaji karibu mita 1,900 kwenye usawa wa bahari, na uwanja wetu uko juu ya mita 1,000, ambako hewa ni nyepesi na mchana wa Oktoba na Novemba joto huifanya nyepesi zaidi. Ingehitajika lami nyingi mpya kwa ndege yenye viti zaidi ya 130, kwenye njia ambayo viti 76 ndivyo vinavyoiruhusu kuwa na safari kadhaa kwa wiki. Ndege kubwa zaidi kwa abiria walewale maana yake ni safari chache zaidi.

Shida iliyo karibu zaidi ni nyingine, na haizungumzwi. Utengenezaji wa Q400 ulisimamishwa mwaka 2021. Embraer ya Brazili, iliyokuwa imepanga kusanifu ndege mpya ya mapangaboi, iliuweka mpango huo kando mwaka 2022. Imebaki ATR, ya Ufaransa na Italia, ambayo mizizi ya usanifu wake iko miaka ya 1980. Mapinduzi ya kaboni yalishamiri juu, kwenye ndege za kuvuka mabara, na fedha za usanifu zikabaki huko. Hakuna kiwanda kikubwa kilichosanifu upya, kuanzia pua hadi mkia, na kuingiza sokoni ndege ya abiria 70 ya kutua kwenye lami fupi ya mji wa mwinuko, ingawa bawa jepesi la kaboni lingeifaa ndege hiyo kuliko nyingine yoyote. Songea, Mpanda, Iringa na Bukoba wanasubiri ndege ambayo bado haijachorwa, na mashirika ya Afrika, yakiagiza kwa pamoja kama ANA ilivyoagiza ndege 50 mwaka 2004, yangeweza kumfanya mtu aichore. Mpaka hapo, Q400 zilizopo zitalazimika kuruka miaka mingi zaidi ya walivyotarajia walionunua, zikiwa mikononi mwa mafundi wanaosomeshwa sasa Mabibo.